Amana ya Mjuzi wa Njia

Kusini mwa Lulindi hupita mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Mtu aongozaye wageni kandokando yake hujua viboko watokeapo majini usiku kwenda malishoni, na mamba wanapojianika. Huutambua mpingo kwa gome lake, na hajapotewa na mahali penye ming'oko, viazi vya mwituni vilivyo chakula cha wengi ghala zinapopungua. Je, elimu hiyo ni mali yake, aitumie apendavyo?

Wako wasemao ndiyo, maana ameipata kwa jasho. Lakini ni nani aliyemwonyesha kwanza? Ni wazee wake, nao hawakumtoza kitu.

Tena tuutazame mpingo. Wamakonde huuchonga vinyago, na huko Ulaya hufanyiwa filimbi za klarineti. Lakini mti huo huhitaji miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kukatwa. Basi aukataye leo hukata mti ambao hakuungoja yeye. Na atakayeuhitaji ule utakaofuata huenda bado hajazaliwa.

Kwa hiyo kiongozi hawezi kusema, "Mimi nilionyesha tu, mwenye shoka ni mwingine." Aonyeshaye ana sehemu katika litendwalo.

Ndugu msomaji, haki haidaiwi na walio hai peke yao. Achimbaye ming'oko na afukie shimo, aache shina lichipue. Ajuaye ulipo mpingo na aseme pia ni upi wa kuachwa. Kujua ni kukabidhiwa.