Dalili ya mvua ni mawingu

Maana ya juu ya methali hii i wazi: mbingu hutanda kabla mvua haijanyesha, na kila jambo hutanguliwa na ishara yake. Lakini wahenga hawakusema kila wingu ni mvua. Kuona dalili ni kazi ya macho. Kujua chanzo chake ni kazi ya akili, na hapo ndipo sayansi na ushirikina huachana njia.

Chukua degedege. Mtoto anachemka homa, viungo vinakakamaa, macho yanabaki weupe mtupu. Mganga anayaona hayo, na daktari anayaona. Pwani ya Tanzania wengi wameamini ni shetani ajaye kwa sura ya ndege, na mtoto akafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo. Akipona, moshi umemtoa shetani. Asipopona, shetani alikuwa mkaidi. Maelezo yasiyoweza kushindwa hayamfunzi mtu kitu.

Daktari hushuku malaria: hutoboa kidole, huweka tone la damu kwenye kipimo, kisha husubiri mistari. Malaria isipoonekana, hana budi kuiacha dhana yake na kutafuta chanzo kingine. Mwaka 1880 Alphonse Laveran aliviona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria. Mwaka 1897 Ronald Ross akavikuta tumboni mwa mbu nchini India. Ndiyo maana chandarua humkinga kila alalaye ndani yake, awe wa imani yoyote.

Wala sayansi haidharau mapokeo. Tu Youyou wa China alisoma maandishi ya tiba ya karne ya 4 yaliyoelekeza mmea wa jamii ya pakanga uloweshwe na kukamuliwa. Akatambua kuwa moto mkali huiharibu dawa yake, akabadili njia, ikapatikana artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria ya leo. Hekima ya kale ilipimwa, ikathibitika.

Dini nayo ina nafasi yake: humpa mzazi subira na humwamuru kumhurumia mgonjwa wa jirani. Hayo darubini haiyaoni. Ila kwa habari ya kilichomo ndani ya damu, hakuna shahidi wa kuaminika kuliko kipimo.

Basi mzazi, ukiona dalili za degedege, mwombee mwanao huku umempakata njiani kwenda zahanati. Dua haijakatazwa, kinachoua ni kuchelewa.