Je, Huruma ni Kumwondolea Mtu Kila Taabu?



Lipo swali moja ambalo humkabili kila mtu aliyekabidhiwa ulezi wa mwingine, awe ni mzazi kwa mtoto wake, mwalimu kwa mwanafunzi wake, au mwenyeji kwa mgeni aliyekuja kukaa naye. Swali lenyewe ni hili: Je, kumpenda mtu ni kumwondolea kila taabu, au ni kuziacha taabu nyingine zimpate? Wako wasemao kwamba mwenye huruma hauachi upepo mkali umguse ampendaye. Na wako wasemao kwamba taabu ndiyo mwalimu, basi mtu na aachwe apigwe na dunia mpaka akomae. Makundi haya mawili hubishana daima, na kila moja lina mifano yake ya kuonyesha. Lakini ukiyachunguza maneno yao utaona kwamba yote mawili yameteleza mahali pamoja.

Ili jambo hili lifahamike vizuri, na tuutazame mti mmoja ambao watu wa dini wanaujua kwa jina hata kama hawajapata kuuona, nao ni mzeituni. Mti huu umetajwa katika Biblia na katika Kurani Tukufu, na Sura ya 95 ya Kurani huanza kwa kuutaja pamoja na mtini. Kwao hasa ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, kama vile Palestina, Syria, Ugiriki, Italia, Hispania na Tunisia, ambako kiangazi ni kikavu chenye jua kali, na majira ya baridi ni ya mvua na baridi ya kadiri. Ndugu yake wa mwituni humea hata katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na mbao zake zasifika kwa ugumu. Siku hizi watu wengi wa nchi zenye baridi zaidi, kama Uingereza na Ujerumani, huupanda mzeituni katika vyungu vikubwa mbele ya nyumba zao. Hapo ndipo swali letu linapowafikia mikononi mwao: majira ya baridi yakija, mti huu mgeni ufanyweje?

Aliyeuingiza Ndani na Aliyeuacha Nje

Mtu wa kwanza huuonea huruma. Siku za baridi zinapoanza, huuchukua mti wake akauingiza katika chumba anachoketi, akauweka karibu na moto. Hudhani kwamba ameuokoa. Lakini tazama yanayofuata. Mwishoni mwa Desemba mchana wa mji wa London haufiki hata saa 8, na mwanga wake ni hafifu. Joto la chumba huuamrisha mti ukue, nao mwanga hautoshi kuulisha. Basi mti hutoa vichipukizi virefu, vyembamba na dhaifu. Majani yake huanza kupukutika. Na wadudu wafyonzao utomvu hupata mahali pa kukaa. Tena lipo lililo kubwa kuliko hayo. Majira ya kuchipua yakifika, mti hautoi maua. Kwani mzeituni umeumbwa hivi, kwamba machipukizi yake hayageuki kuwa maua mpaka kwanza yapate majuma kadhaa ya baridi ya kiasi. Ndiyo sababu mizeituni ikipandwa katika nchi zenye joto mwaka mzima huweza kustawi na kuwa na majani ya kupendeza, ila kuzaa huzaa kwa nadra. Mwenye mti alidhani ameunyima baridi tu, kumbe ameunyima na matunda.

Mtu wa pili amesikia habari hizo, akasema: "Kumbe baridi ni dawa!" Basi akauacha mti wake nje, ukiwa katika chungu chake, mpaka ikaja jalidi, yaani baridi ya kugandisha maji. Ni kweli kwamba mzeituni mkubwa uliokwisha kuzoeshwa huweza kustahimili kwa muda mfupi baridi ya digrii 7 za sentigredi chini ya sifuri. Lakini ikishuka mpaka digrii 12 chini ya sifuri na kuendelea, hata shina lenyewe limo hatarini. Na mti wa chunguni ni dhaifu kuliko ule wa shambani. Ardhini mizizi hufunikwa na udongo mwingi unaohifadhi joto, lakini chunguni baridi huingia kutoka pande zote, hata udongo wote ukaganda kama jiwe. Hapo mti hukaa na kiu ilhali maji yako miguuni pake. Mtu huyu naye hudhani ameufundisha mti wake uvumilivu, kumbe ameuua.

Sasa mtazame mkulima mwenye ujuzi. Yeye haanzi kazi siku jalidi inapofika. Tangu kiangazi kinapokaribia kwisha huacha kuutilia mti mbolea, ili usitoe machipukizi mateke yatakayokutwa na baridi kabla ya kukomaa. Katika majira ya majani kupukutika huuacha nje kusudi, usiku baada ya usiku, kila usiku ukiwa na baridi kidogo kuliko uliotangulia, kwani mti uliozoeshwa polepole hustahimili baridi ambayo ingeuua kama ingekuja ghafula. Huuinua mchungu wake juu ya matofali ili maji ya mvua yasituame, maana mizizi iliyolowa wakati wa baridi huoza. Huusogeza mti karibu na ukuta unaoelekea kusini, kwa sababu huko kaskazini jua la majira ya baridi hupita upande wa kusini. Jalidi kali ikitangazwa, hukizungushia chungu magunia, au huuingiza mti katika chumba chenye dirisha kubwa lakini kisicho na moto. Maji huyatoa kwa nadra. Na baridi ikiisha hautoi mti juani kwa siku moja, bali huuweka kwanza kivulini.

Hekima hii si ya leo. Huko Versailles, Ufaransa, kati ya mwaka 1684 na 1686, mfalme Louis wa 14 alijengewa jumba kubwa la kuhifadhia michungwa na miti mingine ya nchi za joto wakati wa baridi. Mfalme yule hakukosa kuni wala watumishi wa kuzichoma. Hata hivyo jumba lile lilijengwa kwa kuta nene na madirisha makubwa yanayoelekea kusini, ili miti ipate mwanga na jalidi isiingie, bila ya kuipasha moto.

Mahali Walipoteleza

Basi, ndugu msomaji, makundi yale mawili yameteleza wapi? Yameteleza kwa kuiuliza baridi kama ni njema au mbaya, wala hayakuuliza habari za mti. Baridi ni jina moja, lakini digrii 5 juu ya sifuri na digrii 15 chini ya sifuri ni vitu viwili: moja hufungua ua na nyingine hupasua shina. Kadhalika mtu asemaye kwamba taabu ni njema, au kwamba taabu ni mbaya, bado hajasema lolote la kufaa mpaka aeleze ni taabu ya kiasi gani, imekuja wakati gani, na imemwangukia nani.

Wakati nao una uzito wake. Mwaka 1956 huko kusini mwa Ufaransa mwezi wa Januari ulikuwa wa joto kuliko desturi, na mizeituni ikaanza kuamka kana kwamba baridi imekwisha. Mwezi wa Februari ikaja baridi kali ya ghafula, ikaendelea kwa majuma, na mamilioni ya miti ikafa au ikaungua mpaka chini. Miti ile iliangamizwa na baridi, na pia na yale majuma ya joto yaliyoitangulia. Taabu iliyo ya hatari zaidi ni ile imfikiayo mtu aliyelazwa usingizi wa raha.

Wazee wetu walisema: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii ni ya kweli, nayo yamwambia yule mtu wa kwanza aliyeuweka mti motoni. Mtoto asiyepata kunyimwa kitu, asiyepata kukosea akatengeneza mwenyewe kosa lake, atakua na majani mengi pasipo tunda. Lakini wako wazazi waitumiao methali hiyo kuhalalisha kila pigo na kila tusi. Hao hawakuielewa. Methali imemkataza mzazi kuogopa kilio cha mtoto; haikumwamrisha akitafute. Mwenye kumpa mtoto mzigo sharti kwanza ajue mabega yake.

Na wewe uliyeingia upya katika njia ya imani, au ungali ukiitafuta, huenda wayajua haya kwa nafsi yako. Labda jamaa wamekugeuzia uso, na wale uliokula nao hawakuiti tena. Walio karibu nawe wana wajibu wa mkulima juu yako. Wasikufiche na kila swali gumu na kila mpinzani kana kwamba wewe ni yai, kwani imani isiyopata kuulizwa hainyanyuki. Wala wasikuambie siku ya kwanza, "Vumilia, ndivyo ilivyo," kisha wakaenda zao makwao kula na watoto wao. Mti mchanga huzungushiwa magunia mengi kuliko mti mzima, na hakuna aibu yoyote kwa mti kuzungushiwa.

Maswali Mawili

Huenda mtu akauliza: Ikiwa baridi ina faida, je, mdhalimu naye si mtenda mema, kwa kuwa huwakomaza watu? La hasha! Mkulima huipima baridi kwa ajili ya mti. Huijua mizizi yake na huyangojea maua yake. Mdhalimu hapimi lolote ila nguvu zake mwenyewe. Na kama aliyedhulumiwa akatoka katika dhuluma akiwa imara, sifa ni yake yeye aliyestahimili, na ya wale waliomfunika. Si ya yule aliyemtupa nje.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo lisijibiwe kwa haraka. Tuseme nini juu ya taabu iliyozidi kila kipimo, ambayo hapana gunia wala ukuta wa kuizuia? Mwezi wa Januari mwaka 1985 baridi katika jimbo la Toscana, Italia, ilishuka karibu na mji wa Florence mpaka chini ya digrii 20 chini ya sifuri. Mizeituni ya wakulima wema na ya wakulima wavivu ilikufa sawasawa. Sehemu kubwa ya mashamba ilibaki na mashina makavu yaliyopasuka. Wakulima wakaikata miti yao mpaka usawa wa ardhi, mingine ikiwa imepandwa na mababu zao.

Mtu aliyepatwa na msiba wa namna hiyo usimwendee na kumwambia kwamba baridi ina faida. Neno hilo ni la kweli mahali pake, na hapo si mahali pake. Lakini liko jambo ambalo wakulima walijua: mzeituni ulioungua juu huenda ungali hai chini. Kwa hiyo mkulima hauhukumu mti kuwa umekufa siku baridi inapokwisha. Huungojea mpaka kiangazi, na huukwaruza kidogo ganda lake aone kama pana ubichi ndani. Huko Toscana, katika visiki vingi sana, machipukizi mapya yalitokea kutoka chini. Wakulima wakachagua machache yaliyo imara, wakayatunza miaka kadhaa kabla ya kuona zeituni. Hata leo ukipita huko utaona miti yenye mashina mawili, matatu au manne yaliyosimama kwa duara, yote yametoka katika kisiki kimoja cha zamani. Ni kweli pia kwamba si visiki vyote vilivyochipuka. Na baada ya ile baridi ya 1956 wako wakulima wa Ufaransa waliong'oa mizeituni yao na kupanda mizabibu.

Basi hapo wajibu wetu hubadilika. Wakati wa kupima umepita, na umefika wakati wa kungoja. Ukimwona ndugu yako amevunjika, hasemi, haji tena mkusanyikoni, wala hana tunda lolote la kuonyesha, usiwe mwepesi wa kukishika kisiki chake na kuking'oa kwa kusema, "Huyu amekwisha." Mpe msimu mzima, na zaidi ya mmoja ikihitajika. Mtembelee. Tazama kama ndani pana ubichi. Hujui kilichobaki ardhini, kwa kuwa hukukipanda wewe.

Huruma, ndugu msomaji, yahitaji elimu. Mwenye moyo laini asiyemjua ampendaye humdhuru kwa joto, na mwenye moyo mgumu humdhuru kwa baridi. Kumjua mtu ni kazi ya kukaa naye usiku baada ya usiku, kama mkulima anayetoka mlangoni kila jioni kutazama mbingu kabla ya kuamua kama atauacha mti wake nje au ataufunika. Mwenyezi Mungu, Ambaye ndiye Mlezi wa viumbe vyote na hujua kila kimoja chaweza kubeba nini, atujalie macho ya kuwatazama hivyo wale aliowaweka mikononi mwetu. Amin.