Nani Amewasha Televisheni?

Tuseme mama mwenye nyumba ameizima televisheni ya sebuleni saa tatu na dakika hamsini usiku, kwa kidole chake mwenyewe, kwa kuwa watoto wana shule kesho. Saa nne kamili inawaka. Rimoti iko juu ya kabati, hakuna aliyeigusa. Pembeni ya king'amuzi kuna kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi yenye kitaa cha infraredi, na ndani yake mna mstari mmoja ambao baba aliuandika wiki iliyopita ili televisheni izimwe kila siku ifikapo saa nne. Baba amelala fofofo. Mtoto mdogo ameamka, analia.

Nani ameiwasha? Swali linaonekana la mzaha mpaka mtu ajaribu kulijibu.

Mstari wenyewe ni huu: irsend SEND_ONCE tv KEY_POWER. Irsend ni sehemu ya LIRC, mkusanyiko wa programu za Linux uliopo tangu miaka ya 1990, ambao huigeuza kompyuta kuwa rimoti ya vifaa vya kila aina. Mtu huielekezea rimoti ya kawaida, akabonyeza vitufe kimoja kimoja, nayo ikanakili ishara zake na kuziweka kwenye faili. Baada ya hapo kitufe hakihitaji kidole, kinahitaji kuandikwa. Kazi ya kukiita saa ikifika huachiwa cron, mtunza ratiba wa kompyuta. (Cron huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Anayetaka saa nne usiku aandike 22. Akiandika 4, amri itatoka saa kumi alfajiri. Mashine hufuata kilichoandikwa, si kilichokusudiwa.)

Amri ikitoka, kitaa humetameta kama mara 38,000 kwa sekunde, kwa mwanga ambao jicho la mtu halioni. Katika mfumo wa NEC, ambao ni miongoni mwa mifumo iliyoenea sana, ishara hufunguliwa na mmweko wa milisekunde 9 na kimya cha milisekunde 4.5, kisha zinafuata biti 32: anwani ya kifaa, anwani ileile ikiwa imepinduliwa, amri, na amri ileile ikiwa imepinduliwa. Upinduaji huo ni wa kukagua makosa. Nusu mbili zisipoendana, televisheni huitupa ishara. Lakini haisemi kwamba imeitupa. Haisemi lolote, kwa sababu njia hii ni ya kwenda tu. Irsend inapoarifu kuwa mambo yamekwenda sawa, inachojua ni kwamba ishara imetumwa. Pengine mtu alikuwa amesimama mbele ya kitaa. Pengine umeme wa televisheni ulikuwa umechomolewa.

Na kuna balaa jingine. Kwenye televisheni nyingi kitufe cha kuwashia ndicho hichohicho cha kuzimia, na msimbo wake ni mmoja. Amri ileile, herufi kwa herufi, huzima iliyowaka na kuwasha iliyozimwa. Baba aliandika amri ya kuzima. Kilichotoka ni amri ya kugeuza.

Mwaka 1963 mwanafalsafa wa Kimarekani Donald Davidson alichapisha makala yenye mfano unaofanana na kisa hiki kwa namna ya kushangaza. Mtu anabonyeza swichi, anawasha taa, anaangaza chumba, na bila kujua anamshtua mwizi anayenyemelea nje. Je, amefanya mambo manne? Davidson anasema hapana. Amefanya jambo moja linaloelezeka kwa njia nne. Kwa baadhi ya maelezo amekusudia, kwa maelezo ya mwizi hakukusudia, lakini tendo ni lake lote. Kwa hesabu hiyo, kuandika mstari, kutuma ishara, kuwasha televisheni na kumwamsha mtoto ni tendo moja la baba.

Hesabu ya matendo si mchezo wa wanafalsafa peke yao. Wahandisi wa Philips walikutana nayo walipotengeneza mfumo wao wa RC-5: televisheni itajuaje kama kidole kimeshikilia kitufe kwa muda mrefu, au kimekibonyeza mara mbili? Wakaweka biti moja inayogeuka kila kitufe kinapobonyezwa upya. Anayetuma ishara za RC-5 kutoka kwenye kompyuta bila kuigeuza biti hiyo anaweza kuona amri yake ya pili ikipuuzwa, kana kwamba ni mwendelezo wa ya kwanza.

Jibu la Davidson ni zuri, ila linasumbuliwa na muda. Mtu wake ana kidole kwenye swichi, taa inawaka hapohapo. Baba aliandika wiki iliyopita, na usiku huu hajafanya lolote ila kukoroma. Ametenda lini? Hapa wenye la kusema zaidi ni wanasheria wa dini, waliolikuta swali hili karne nyingi kabla ya umeme.

Sabato ya Kiyahudi huanza Ijumaa jua linapozama, na tangu hapo kazi ni marufuku. Na kazi iliyoanzishwa mchana ikaendelea yenyewe usiku, je? Mishna, mkusanyiko wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokamilishwa karibu na mwaka 200, imehifadhi ubishi wa shule mbili, ya Shamai na ya Hileli, juu ya mambo ya aina hii: kuloweka wino na rangi, kutega mitego ya wanyama, ndege na samaki siku ya Ijumaa. Shule ya Shamai ilitaka jambo liwe limekamilika kabla ya magharibi: wino uwe umeshalowa, mnyama awe ameshanaswa. Shule ya Hileli ikasema inatosha kazi ya mikono iwe imefanyika jua lingalipo. Kinachotokea gizani hakihesabiwi kuwa kazi ya Sabato. Msimamo wa Hileli ndio uliofuatwa. Mtego ndio uliokuwa cron ya zama zile, na fatwa yake ni kwamba tendo hukaa pale mkono ulipotega.

Mjadala haukuishia hapo. Talmudi, inayoifafanua Mishna, inazungumzia kinu cha maji: mtu akitia ngano kinuni Ijumaa, kinu kikasaga usiku kucha, tatizo ni kelele zake, maana majirani watasikia na kudhani kuna mtu anafanya kazi. Karne ya 20 mjini New York, Moshe Feinstein, mmoja wa mafakihi wakubwa wa Kiyahudi wa wakati wake, aliikataa saa ya kuwashia mitambo siku ya Sabato, isipokuwa kwa taa, ambazo desturi yake ilikuwa imekwishazoeleka. Hoja yake ilikuwa nzito: mlango huo ukifunguliwa, hata viwanda vizima vitafanya kazi Sabato huku wenyewe wakiwa hawakugusa kitu. Kwa maneno mengine, alikubali kwamba mkono haupo kazini, akasema hilo halitoshi. Wasabato wa Kisii na Mara, ambao nao huianza siku yao Ijumaa jua likizama, bila shaka wanauelewa uzito wa hoja hiyo.

Mafakihi wa Kiislamu walilijia swali kutoka upande mwingine, upande wa fidia. Walitenganisha mtendaji wa moja kwa moja na msababishaji. Mejele, sheria ya madai iliyotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, inasema katika kifungu cha 90 kwamba wawili hao wakikutana, hukumu huenda kwa mtendaji. Mfano wake ni kisima: mmoja amechimba kisima kwenye njia ya watu, mwingine akamtumbukiza humo mnyama wa mtu. Anayelipa ni aliyetumbukiza. Kifungu cha 92 kinaongeza kwamba mtendaji hulipa hata kama hakukusudia. Cha 93, kwamba msababishaji halipi mpaka awe amekusudia.

Wakili wa baba angekishangilia kifungu cha 93. Mteja wake ni msababishaji tu, na hakukusudia kuwasha. Lakini basi mtendaji ni nani? Kompyuta haina akili wala baleghe, haina mali ya kulipia, haisimamishwi mbele ya kadhi. Hukumu ikikosa pa kukaa, inarudi nyuma hadi kwa binadamu wa kwanza. Isitoshe, mafakihi haohao waliangalia kisima kilichimbwa wapi. Aliyechimba uani kwake bila kumdhulumu mtu hana deni mtu akitumbukia. Aliyechimba barabarani bila ruhusa analo. Sebule inayotumiwa na familia nzima ni njia ya watu. Aliyeacha humo amri inayogeuza, akijua kwamba wengine nao wana vidole na rimoti, amechimba barabarani.

Kuna atakayekimbilia kwa Ghazali, mwanateolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake cha kuwakosoa wanafalsafa, Ghazali alisema kwamba tunachokiona ni pamba kuungua inapokutana na moto. Hatuoni kwamba moto ndio unaounguza, na kwa imani yake aunguzaye ni Mwenyezi Mungu. Mwenye rimoti naye hana cha kupinga: alichoona ni kubonyeza na kuwaka, mwanga wenyewe hakuuona. Lakini Ghazali hakumpa mtu pa kujificha. Alikuwa mfuasi wa mwanateolojia Ash'ari, na Maash'ari hufundisha kwamba Mungu huumba tendo, na mja hulichuma. Kwa alichokichuma ataulizwa.

Ukitaka kuona tendo lisilo na wa kuulizwa kabisa, rudi mwaka 1955. Kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa Flash-Matic, rimoti isiyo na waya iliyokuwa kama tochi: mtazamaji alimulika pembe za televisheni, na kila pembe ilikuwa na kazi yake. Ikaonekana kwamba mwanga wa jua ukipiga kwenye pembe hizo, stesheni zinaweza kubadilika zenyewe. Hakuna aliyelishitaki jua. Jua halikuandika ratiba.

Tofauti kati ya jua na baba ni mstari ule, na mstari huo hauonekani upande wa televisheni. Biti 32 za NEC zina anwani ya anayeamriwa. Hazina mahali pa jina la anayeamuru. Mwaka 2004 Mitch Altman wa Marekani alianza kuuza TV-B-Gone, kifaa kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo ambacho kwa kitufe kimoja hutuma misimbo ya kuzima televisheni za chapa nyingi, moja baada ya nyingine. Januari 2008, kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya CES mjini Las Vegas, watu wa tovuti ya Gizmodo walikitumia kuzima skrini za waonyeshaji, hata katikati ya maelezo kwa wageni. Skrini zilitii, bila kumtambua aliyeziamuru. Mmoja wa watu hao alipigwa marufuku kurudi kwenye maonyesho hayo, na kilichomfichua si skrini: wao wenyewe waliitangaza video ya kazi yao.

Kwa hiyo baba ndiye aliyewasha. Hakukusudia kuwasha, na hilo linampunguzia lawama. Halimwondoi kwenye tendo. Kosa lake halikuanza saa nne usiku. Lilianza alipochukua taarifa ya irsend kuwa ni habari za televisheni, wakati ilikuwa habari za kitaa chake tu.

Udhuru wa kutojua hali ya televisheni nao unazidi kupungua. Televisheni nyingi za sasa, zikiunganishwa kwa waya wa HDMI na kipengele cha CEC kikiwa kimewashwa, hujibu zikiulizwa. Andika echo 'pow 0' | cec-client -s -d 1, na jibu linarudi: on au standby. Ipo pia standby 0, amri inayozima bila kugeuza. Mwenye ule mstari wa infraredi kwenye cron yake na aufungue leo, aweke swali hilo juu yake, na amri itumwe jibu likiwa on tu.