Milima Nayo Ilizaliwa



Mwaka huu kijana mmoja wa usharika wetu, aliyerudi kutoka masomoni, alisema mbele ya wazee ya kuwa mawe ya Upare na Usambara yana umri wa miaka milioni 600 hivi. Mzee mmoja akamwuliza kama ameikana imani. Nasi tulinyamaza. Jumapili mbili kijana hakuonekana kanisani, na kunyamaza kwetu ndiko kunakotusukuma kuandika haya.

Maana aliyoyasema ni kweli. Zamani hizo kiini cha nchi yetu, yaani miamba ya Dodoma, Singida na Mwanza, kilikuwa kikongwe tayari: umri wake leo wapita miaka milioni 2,500. Nchi nyingine zikaja kutoka mashariki, polepole kama ukucha uotavyo, zikagongana nacho. Bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, ardhi ikakunjamana kama nguo, milima mirefu ikasimama, na vipande vile vikashikamana kuwa bara moja. Hivyo ndivyo bara likuavyo: huongezewa kando, na mshono wake ni safu ya milima. Kisha mvua ikaila milima hiyo hata ikaisha. Tuionayo Upare na Usambara ni mizizi yake tu, iliyopikwa kilometa 30 na zaidi chini ya ardhi, katika joto la digrii 800 hivi, ikainuliwa baadaye sana nchi ilipopasuka. Kilimanjaro, tunaouheshimu kwa mvi zake za theluji, ni mtoto mchanga kando yake: volkano zake hazijatimiza miaka milioni 3.

Je, Maandiko yakana hayo? Zaburi ya 90 hunena habari za milima kama za kitu kilichozaliwa, tena yatuonya tusiipime miaka ya Mungu kwa miaka yetu. Hesabu ndefu hututisha kwa kuwa maisha yetu ni mafupi. Yeye hakuwa na haraka.

Tulimwendea kijana nyumbani kwao pamoja na mzee yule. Akatupeleka penye mwamba uliokatwa kando ya barabara, akatuonyesha vijiwe vyekundu viitwavyo garneti, vilivyofanyika katika mgandamizo ule. Mzee akavigusa kwa kidole, akauliza, "Mwanangu, miaka milioni mia sita huandikwaje?" Kijana akaandika mavumbini 6, kisha sifuri nane. Mzee akainama, akazihesabu mara mbili.