Kiti cha Kuazima

Cheo ni dhamana. Ndivyo walivyoapa wazee wetu enzi za TANU, nasi tumelisikia neno hilo hadi limechakaa masikioni. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: dhamana ya nani? Maana kila mwenye dhamana ana haki ya kuidai, na wadai wakiwa wengi, mdaiwa atamsikiliza yupi?

Chukua kiti cha Waziri Mkuu wa Tanzania. Katiba inasema Rais humteua na Bunge humthibitisha kwa kura. Akishaapa, husimamia kazi za Serikali za kila siku. Halafu ibara ya 53A inalipa Bunge hilohilo njia ya kumng'oa kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Hao ni mabwana wawili tayari. Ongeza chama, ongeza magazeti, ongeza vijiwe vya kahawa. Tunamwita mkubwa, lakini nguvu zake ni za kuazima, na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mwaka 1993 wabunge 55 walidai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mwalimu Nyerere alikuwa ameng'atuka urais tangu 1985, hana wizara wala jeshi. Alikuwa na kalamu. Akaandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akamlaumu waziwazi Waziri Mkuu John Malecela. Desemba 1994 kiti kile kilikaliwa na Cleopa Msuya. Sisemi kitabu peke yake ndicho kilichofanya kazi hiyo. Mwenye kalam ya kuteua na kuondoa alikuwa Rais Mwinyi. Nasema tu kwamba maneno yaliongeza bei ya kumbakiza mtu pale alipo.

Hivyo ndivyo shinikizo linavyofanya kazi. Gazeti halimfukuzi mtu. Linamfanya awe mzigo kwa yule aliyemwazima kiti.

Februari 2008 tuliliona tena. Kamati ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake juu ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba mwaka 2006 wa kufua umeme wa dharura, megawati 100, wakati nchi iko gizani kwa ukame. Umeme haukuja kwa wakati. Magazeti yalikuwa yameshaivalia njuga habari ile. Tarehe 7, Edward Lowassa akatangaza bungeni kwamba amemwandikia Rais kujiuzulu. Alilalamika kwamba kamati ilimhukumu bila kumwita ajieleze.

Hapo ndipo mwiba uliponichoma. Je, ni haki mtu kuanguka kabla hajasikilizwa?

Jamaa wa kijiweni watanijibu haraka: acha aende, huyo mkubwa bwana, sisi nani anatusikiliza? Nawaelewa. Lakini jibu hilo ni la hasira. Kukosa haki kwangu hakuwezi kuwa sababu ya kumnyima mwingine.

Jibu langu liko mwaka 1977. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani pale watuhumiwa walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola, Mwanza na Shinyanga. Hakuna aliyesema Mwinyi alimgusa mtu hata kwa kidole. Alijiuzulu kwa sababu yaliyotendeka yalitendeka chini ya dhamana yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. Kuwajibika kumbe si kukiri hatia. Mwenye kiti cha kuazima anaweza kudaiwa akirudishe bila kuambiwa ni mwizi. Kumwita mwizi ni jambo lingine kabisa. Hilo lina mahakama yake, lina ushahidi wake, na lazima asikilizwe kwanza.

Kwa hiyo nasema ilikuwa halali kumdai Lowassa kiti. Halali kabisa. Lakini neno "fisadi", lililopigwa muhuri kwenye vichwa vya habari na majukwaani, lilikuwa hukumu bila kesi. Tena tazama lilivyokuwa jepesi! Mwaka 2015 Chadema, waliokuwa mstari wa mbele kulitamka, walimsimamisha mtu huyohuyo kugombea urais, akapata kura zaidi ya milioni 6. Hakukuwa na mahakama iliyomtia hatiani katikati hapo, wala iliyomsafisha. Kelele zilimhukumu na kelele zikamsamehe. Alifariki Februari 2024, na swali lenyewe halijajibiwa.

Kwa nini nayaandika haya kwenye kurasa zetu, sisi tunaoota riwaya? Kwa sababu nasi tunaazima. Mimi niliyeishia sekondari hakuna aliyenipigia kura, na hakuna Bunge litakaloniondoa nikikosea. Msomaji kanikopesha sikio lake, basi. Kama Waziri Mkuu anapaswa kukumbuka kiti si chake, mwandishi naye akumbuke kwamba jina la mtu si mali yake. Tumdai mkubwa kiti, tumdai kwa sauti, bila woga. Ila neno la kumzika mtu tusiliandike kabla hatujamwuliza: wewe unasemaje?