Irabu za Kunong'ona

Chuoni tulikatiwa Kiingereza vipande vipande: fonetiki, mofolojia, sintaksia, semantiki. Tukakariri irabu za London. Kumbe hapa Lodwar, Kiturkana kina irabu za mwisho wa neno zinazonong'onwa tu, bila koo kutetemeka. Mholanzi Gerrit Dimmendaal aliandika sarufi ya lugha hiyo mwaka 1983. Sisi tulizisikia sokoni kila siku, na hakuna aliyetuambia ni elimu.

Panda gari hadi Kakuma, kwenye kambi iliyoanzishwa 1992. Kiingereza cha pale kina ladha ya Kidinka, Kisomali, Kiswahili. Mtihani utakiita makosa. Isimu inataka kwanza kujua kina kanuni gani.

Sasa nauliza: ni haki kumfundisha mtu kusikiliza, halafu umchagulie wa kusikiliza? Mimi nasema si haki, hata kama mtaala ni mzuri.