Mboga za Mtu Asiyelima

Katika mji mdogo wa Todmorden, huko Uingereza, mwaka 2008 watu walianza kupanda mboga pamoja, pasipo mshahara wowote. Walipanda mahali pa watu wote: mbele ya kituo cha polisi, penye stesheni ya gari moshi, hata kando ya kituo cha afya. Kila apitaye ana ruhusa ya kuchuma, wala haulizwi kama alishika jembe.

Labda baba mmoja atasema: "Je, mvivu naye ale jasho langu?" Swali hilo si la kuchekwa. Mtume Paulo aliwaonya Wathesalonike juu ya watu wasiotaka kufanya kazi. Lakini angalieni: alimkemea asiyetaka, siyo asiyeweza. Nawe usimamaye shambani, utawatambuaje? Mjane mgonjwa hapigi mbiu ya njaa yake. Hupita jioni akiinamisha uso. Ukiweka mlinzi kwa ajili ya mvivu, wa kwanza kurudi mikono mitupu ni yule mjane.

Ndiyo sababu Torati iliwaamuru wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, bali wawaachie maskini na wageni. Ruthu Mmoabi aliokota masazo hivyo, na katika uzao wake alitoka Mfalme Daudi.

Basi, enyi wazazi, mnapolima bustani ya jumuiya, limeni na tuta moja lisilo na mwenyewe. Mvivu na aonywe kwa maneno, tuta lisifungwe. Maana mvua inayoikuza mboga, hakuna kati yetu aliyeitolea jasho.